Mabaki ya Anwani

Nchi ya Heriani haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake hufundishwa tangu shule ya msingi kwamba hilo ni kosa la wachora ramani. Mvua hunyesha huko siku tisa kwa mwaka. Kwa sababu hiyo Serikali, katika hekima yake isiyoulizwa maswali, iliunda Shirika la Miavuli la Taifa, ikalipatia jengo la ghorofa nane, magari kumi na wakurugenzi kumi na mmoja. Yule wa kumi na moja hutembea kwa miguu, jambo ambalo limemfanya ashukiwe kwa muda mrefu.

Kila Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, Shirika lilituma baruapepe moja kwa wateja wake wote mia nne na kumi na mbili elfu. Ilianza kwa "Ndugu Mteja Mpendwa," ikaeleza uimara wa Mwavuli wa Taifa, ikamalizia kwa onyo kali. Kisha Mkurugenzi Mkuu, Mheshimiwa Ngurumo Fungameza, alitangaza redioni kwamba wananchi mia nne na kumi na mbili elfu wamesoma na wamefurahi.

Tatizo lilikuwa majibu. Katika kila barua kumi zilizotoka, tisa zilirudi kabla ya chai ya saa nne, zikiwa na maneno yale yale: anwani hii haipo. Kwa mtu wa kawaida maneno hayo yangekuwa taarifa. Kwa Mheshimiwa Fungameza yalikuwa uasi.

"Tazama," alimwambia Bwana Mtetema, afisa wa Kitengo cha Mashaka, maana kila shirika la umma la Heriani hupangiwa afisa wa namna hiyo kama linavyopangiwa mfagizi. "Watu zaidi ya laki tatu, hawajuani, wanakaa mikoa mbalimbali, na wote wananijibu kwa maneno matatu yale yale, dakika ile ile. Wamepanga."

"Na kwa adabu, Mheshimiwa," akasema Mtetema, akiandika. "Hakuna tusi hata moja. Hilo ndilo linalonitisha."

*

Mwaka huo Shirika lilimwajiri mjukuu wangu Tunu kuwa karani wa orodha ya wateja. Tunu ni binti wa mwanangu wa tatu, alifaulu kwa daraja la kwanza, na hati yake husomeka hata na asiye na miwani. Nasema hivyo si kwa majivuno, bali kwa usahihi wa kumbukumbu.

Alikabidhiwa orodha kwa saini, kama mtunza ghala anavyokabidhiwa majembe. Akaisoma kwa siku tatu, kisha akaandika taarifa ya ukurasa mmoja na nusu. Wateja hawakuwa wameasi, alieleza. Nyingi za anwani hizo hazikuwahi kuwepo. Miaka sita iliyopita, katika Kampeni ya Kila Mwananchi Mteja, kila balozi wa nyumba kumi aliamriwa kuleta anwani mia mbili kabla ya Ijumaa. Katika nyumba kumi za mtaa wetu palikuwa na kompyuta moja, nayo ilikuwa imewekewa chungu cha maua juu yake. Lakini mabalozi wetu ni watiifu. Walizileta.

Mheshimiwa Fungameza alimwita ofisini.

"Binti, unataka kuniambia kwamba kwa miaka sita nimekuwa nikiihutubia hewa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Isipokuwa siku za sikukuu, ambapo mtambo hufungwa."

"Nani amekutuma?"

"Barua ya ajira, Mheshimiwa."

Mtetema, aliyekuwa amekaa nyuma ya pazia kwa mujibu wa cheo chake, alikohoa na kuandika neno *barua* kwa herufi kubwa.

Tunu angefukuzwa siku hiyo hiyo, lakini kabla ya jioni ukafika ujumbe wa wenye mitambo ya kusafirishia baruapepe, watu walioko ng'ambo na wasiomwogopa mtu. Walisema kwamba mtumaji anayeandikia maelfu ya anwani zisizokuwepo huonekana kwao kama mpiga kelele sokoni. Asiposafisha orodha yake katika siku kumi na nne, barua zake zote zitatupwa kwenye takataka bila kufunguliwa.

Mheshimiwa aliusoma ujumbe huo, akafunga dirisha. "Safisha," akamwambia Tunu hatimaye. "Lakini kwa kufuata taratibu."

Wasomaji waliowahi kufanya kazi serikalini watakuwa wamekwisha kutetemeka.

*

Orodha ya wateja ilikuwa mali ya Serikali, na katika Heriani mali ya Serikali haifutwi daftarini mpaka ipite mbele ya Kamati ya Kufuta Mali Chakavu. Kanuni yake iliandikwa enzi za majembe na matoroli: *Kitu chochote hakitafutwa mpaka mabaki yake yawekwe mezani mbele ya Kamati, yaonekane kwa macho na kuguswa kwa mkono.* Ni kanuni nzuri. Inazuia karani kusema kiti kimevunjika, kumbe kiti kiko sebuleni kwake.

Mwenyekiti wa Kamati kwa miaka ishirini na tisa alikuwa Bi. Adventina Kashoro, mama mnyofu, mwenye miwani miwili: moja ya kusomea, moja ya kutokuamini alichosoma.

"Mabaki yako wapi?" alimuuliza Tunu.

"Mama, anwani haina mabaki. Ni maandishi tu ndani ya kompyuta."

"Mama ni nyumbani. Hapa mimi ni Kamati."

"Samahani, Kamati."

"Hata Idara ya Mifugo walituambia punda wao aliyekufa hana mabaki. Tukangoja. Siku ya tatu zikaletwa kwato nne na mkia. Nenda kalete kwato."

Tunu alikwenda akachapa anwani zote mbovu, akazirudisha kwenye toroli, karatasi hadi kidevuni. Bi. Kashoro aligusa ya juu kwa kidole, akaigeuza, akaielekeza kwenye mwanga.

"Hii ni karatasi," akasema. "Tena nzima. Unataka Kamati ifute karatasi nzima?"

Wajumbe wawili waliguna kwa mshituko. Kamati ikajifungia, ikanywa chai, ikarudi na uamuzi: kwa kuwa anwani ni kitu cha mtu, mabaki ya anwani ni mtu mwenyewe. Mwenye kila jina lililoandikishwa aletwe mwenyewe, awekwe mezani, aonekane na kuguswa.

"Na nisipoweza kuwaleta, Kamati?"

"Mtunza ghala asiyeonyesha mabaki huhesabiwa kuwa ameficha kitu kizima. Ni miaka saba gerezani. Saini hapa kwamba umeelewa."

Tunu alitia saini. Nimeiona baadaye. Inasomeka hata na asiye na miwani.

*

Jioni hiyo alifika kwangu, akaketi bila kuvua mkoba begani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Wameshakufukuza?"

"Afadhali wangenifukuza."

Alikuwa bado ananieleza mambo haya pale Bwana Mtetema alipopiga hodi. Nilimkaribisha kiti. Alikiangalia chini, akakiangalia nyuma, akachagua kusimama. Mkononi alikuwa na karatasi moja iliyochapwa vizuri, inayosema kwamba karani wa orodha amehakiki wateja wote mia nne na kumi na mbili elfu na kuwakuta wazima, wenye afya na wapenda miavuli.

"Saini moja tu, binti," akasema. "Suala la mabaki linakufa, hakuna cha kufutwa. Kesho wewe ni Karani Bora, picha yako ukutani, kubwa kuliko kalenda."

"Na wenye mitambo wakizitupa barua?"

"Tutasema tumehujumiwa. Tangazo hilo tumeshalichapa."

Tunu akanitazama. Nililea mtoto huyu tangu akiwa na miaka minne, na nilimfundisha kwamba kisichokuwepo hakiandikwi kuwa kipo, hata kikiwa nusu kibaba cha unga. Nakiri hapa jambo la aibu kwa mtu wa malezi yangu: kwa mara ya kwanza maishani nilitamani mjukuu wangu aseme uongo. Miaka saba ni mingi. Nami ni mzee, nisingemwona akitoka. Nikaangalia mikono yangu.

"Afande," akasema Tunu, akimrudishia karatasi kwa mikono miwili kama nilivyomfunza, "kalamu yangu haijui kuandika hivyo."

Mtetema alipoondoka, Tunu akauliza, "Babu, wewe una anwani ngapi katika orodha yetu?"

"Mimi? Sina hata moja."

"Unazo kumi na moja. Balozi alikuwa na haraka. Moja inaitwa *krisostomu anapenda miavuli*. Nyingine ni jina la yule ng'ombe wako marehemu, ila ametumia ukoo wako."

Mimi ndiye Krisostomu Selemba, na ng'ombe huyo alikuwa na heshima zake. Nilitaka kukasirika, lakini Tunu alikuwa amenishika mkono.

"Babu, kesho naomba uje ofisini uwe punda."

"Punda mzima," nikamuuliza, "au unataka kwato tu?"

Akacheka. Alikuwa hajacheka kwa siku nne.

*

Nilivaa koti langu la kanisani. Meza ya Kamati ilikuwa imetandikwa kitambaa cha kijani.

"Panda, Mzee," akasema Bi. Kashoro.

"Mimi, mwenye wajukuu tisa, nipande mezani?"

"Kanuni inasema mezani. Sijaiandika mimi."

Nilipanda, Tunu akinishika kiwiko. Wajumbe walinitazama kwa macho. Kisha mmoja akanigusa bega, akafuta kidole kwenye suruali.

"Unatumia baruapepe?"

"Situmii."

"Umewahi kutumia?"

"Sijawahi."

"Anayesemwa hapa kwamba anapenda miavuli, ni wewe?"

"Krisostomu ni mimi. Miavuli siipendi."

Penseli ya Mtetema ilivunjika pale pembeni. Akatoa nyingine, Kitengo cha Mashaka hutembea na tatu.

"Basi uliharibika lini?"

"Sijaharibika, Kamati. Kama anwani, sikuwahi kuundwa."

"Andika," Bi. Kashoro akamwambia katibu, "hitilafu ya kiwandani."

Likabaki suala la namna ya kuniondosha, maana kitu kilichofutwa sharti kichomwe, kizikwe au kinadiwe. Kuchoma kulihitaji kibali cha zimamoto. Kuzika kulihitaji koleo, na koleo la ofisi lilifutwa mwaka jana, likazikwa, kwa kutumia nini hakuna aliyewahi kueleza. Mnada ukafunguliwa papo hapo. Hakuna aliyetaja bei. Tunu alinyanyua mkono, akakatazwa: mtunza ghala haruhusiwi kununua chakavu cha ghala lake.

Bi. Kashoro akavaa miwani yake ya pili, akafunua kanuni hadi ukurasa ambao vumbi lake lilikuwa halijawahi kuguswa. "Kitu kisichochomwa, kisichozikwa wala kununuliwa," akasoma polepole, "kitaondoka katika majengo ya Serikali kwa nguvu zake chenyewe, na hakitatumika tena kamwe kwa shughuli yoyote ya Serikali."

Nikapigiwa mhuri wa CHAKAVU mara kumi na moja, nikapewa hati. Mgongoni mwa koti nikaandikwa namba kwa rangi nyeupe. Nikaondoka kwa nguvu zangu mwenyewe.

*

Siku ya pili balozi wetu alipita nyumba kwa nyumba. Baada ya siku kumi hivi Mtukufu Kiongozi angerejea kutoka safari ya mafunzo ya miavuli, na kila mwananchi alitakiwa awe barabarani saa kumi na mbili asubuhi kupiga makofi.

Nilimwonyesha hati. Aliisoma mara tatu, midomo ikitembea.

"Mzee, inasema huwezi kutumika."

"Naona hivyo hivyo."

"Hata makofi?"

"Makofi ni shughuli ya Serikali au si shughuli ya Serikali?"

Balozi aliangalia huku na huku, akakunja orodha yake. "Sijakuona," akasema, akaenda zake haraka.

Jirani yangu muuza vitumbua, Bi. Chausiku, alikuwa amesikia yote kutoka kibarazani kwake, kwa kuwa mambo ya jirani hayampiti. "Mzee Selemba, hiyo hati wanaitoa wapi?"

"Lazima Kamati ithibitishe kwamba huna faida."

"Ah, hilo mume wangu ana ushahidi wa miaka ishirini."

Kesho yake alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Kamati. Nyuma yake walikuwa dada zake, wapagazi wa soko, na kwaya nzima iliyochoka kuimba kwenye viwanja vya ndege. Balozi alikuwa amemwandikia Bi. Chausiku anwani tisa, naye akafutwa zote tisa. Kila mwananchi wa Heriani, ilidhihirika, alikuwa mabaki ya kitu fulani.

Foleni ilizunguka jengo la ghorofa nane mara mbili, kisha ikaingia barabara ya mkoani. Kamati iliongeza meza, zikaunganishwa kama daraja, na watu wakapanda upande huu, wakaguswa bega wakitembea, wakashukia upande ule wakiwa chakavu. Tunu alisimama mwisho wa daraja akifuta. Alifuta kwa haki. Aliyekuja bila kuwamo orodhani alimrudisha nyumbani kwa heshima, hata alipokuwa shemeji yangu.

Waliokuwa na anwani nzima nao walianza kuona wivu. Walimu waliwaandikia wenye mitambo wawafungie baruapepe zao, wakaja na ushahidi. Wakafuata polisi wa usalama barabarani. Siku ya kumi na mbili alifika mkurugenzi wa kumi na moja, kwa miguu kama kawaida, akifuatwa na wenzake ambao magari yao yalikwama kwenye foleni, wote isipokuwa Mkurugenzi Mkuu.

Bwana Mtetema alipita kando ya mstari akiuliza, "Nani kiongozi wenu?"

"Hatuna, afande," akajibiwa na Bi. Chausiku, aliyekuja kuwauzia vitumbua. "Sisi ni takataka tu. Takataka ina kiongozi?"

Yeye Mtetema hangeweza kufutwa. Kwa sababu za siri, Kitengo cha Mashaka hakimo katika orodha yoyote.

*

Asubuhi ya siku ya kumi na nne, kwenye orodha ya Shirika ilikuwa imebaki anwani moja.

Barua ya Jumatatu ilikwenda kama kawaida. Ilitumwa moja, ikafika moja, ikasomwa moja. Wenye mitambo wa ng'ambo waliandika pongezi: hawajawahi kuona orodha safi namna hiyo, asilimia mia moja ya wateja wamefungua barua. Mheshimiwa Fungameza alikwenda redioni akalia machozi ya furaha. Alipotoka studio alianza kushuku.

"Huyu mmoja ni nani?" alimuuliza Tunu. "Kwa nini yeye tu hajaondoka? Anataka nini kwetu?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

Bi. Kashoro hakujali ni nani. Ili jalada la Tunu lifungwe, kitu kilichobaki ghalani lazima nacho kikaguliwe, na mkaguliwa atamke mwenyewe kama yu hai au chakavu. Mwisho wa siku kumi na nne ulikuwa saa tisa na nusu alasiri. Bila tamko hilo, ghala halijahakikiwa, na mtunza ghala ana miaka yake saba. Nilikuwa nimeketi kwenye benchi la ukumbini, na niliona askari magereza wawili wakiwa tayari wamesimama karibu na mlango.

Mheshimiwa alipandishwa mezani saa tisa na dakika kumi.

"Hai au chakavu?"

"Kuna tofauti gani?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeijua tofauti.

"Chakavu hakitatumika tena. Kilicho hai," Bi. Kashoro akasoma, "kitabeba matumizi yote yaliyopangiwa vitu vya aina yake." Katibu akaweka mbele yake ratiba ya Taifa ya wiki hiyo: kupanga mstari barabarani, kupiga makofi, kusikiliza hotuba, kuchangia mwenge, kushangilia uwanjani, kununua mwavuli.

Mheshimiwa alisoma.

"Nitajibu wiki ijayo."

"Saa tisa na dakika ishirini na sita, Mheshimiwa," akasema Tunu. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mmoja wa wale askari alifungua pingu ili aone kama zinafunguka.

"Jambo hili linahitaji tume…"

"Dakika ishirini na nane."

Nilisimama, nisijue ninasimama kufanya nini. Bwana Mtetema, aliyekuwa pembeni, alilamba ncha ya penseli. "Mheshimiwa anasitasita kusema kama yu hai kwa ajili ya Taifa," akasema kwa upole. "Niandike kwamba anasitasita?"

"Hai!" akapiga kelele Mheshimiwa Fungameza. "Hai! Hai kabisa!"

Mkono wa Bi. Kashoro uligusa bega lake, mhuri ukashuka, na jalada la mjukuu wangu likafungwa saa tisa na dakika ishirini na tisa. Mama huyo mnyofu alivua miwani yote miwili. "Ghala limehakikiwa," akamwambia. "Nenda nyumbani, mwanangu."

Kesho yake Mtukufu Kiongozi alirejea. Sisi chakavu tuliketi vibarazani kando ya barabara ya uwanja wa ndege, kwa kuwa kuketi hakujakatazwa. Tukaona msafara mrefu wa magari, na mbele yake mtu mmoja wa makamo mwenye suti na mwavuli kwapani. Alipiga makofi kwenye kituo cha kwanza, kisha akakimbia hadi cha pili ili awahi kuwa umati wa pale. Mtetema alimfuata kwa baiskeli, akiandika kwamba makofi ya kituo cha tatu yalikuwa hafifu kuliko ya kituo cha pili. Vituo vilikuwa thelathini na sita.

Tunu alimtazama akipita, akaweka kikombe chake chini. Ana moyo mwema, nami sikumlea awe vinginevyo.

"Babu, hatuwezi kumsaidia kidogo? Hata kofi moja?"

Nilimwonyesha hati yangu, ile yenye mihuri kumi na moja, nikamwekea kidole kwenye neno *kamwe*. Sheria ni sheria, na katika ukoo wetu hatuvunji sheria.